Mkono wa Shemeji

Mara ya kwanza shemeji yangu alipompiga dada yangu mbele ya macho yangu, nilikuwa nimeshika pistoni mbili, moja kila mkono, na sikuziweka chini.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Temeke, uani kwao. Injini ya gari langu ilikuwa imefunguliwa yote na kutandazwa juu ya jamvi. Dada alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la mafuta ya taa, anaosha vyuma kimoja kimoja kwa brashi ya viatu na kuvipanga. Shemeji alimwomba vile vifuniko vinne vidogo vinavyofunga pistoni kwenye krenki, yaani ule mhimili mzito unaozunguka katikati ya injini. Dada akampa. Shemeji akavitazama, akaona viwili vimebadilishana nafasi. Alimpiga kwa mgongo wa mkono, dada akaenda upande, kiganja chake kikatumbukia kwenye karai. Aliponyanyuka alikuwa na mistari minne ya oili shavuni, mmoja kwa kila kidole. Shemeji akanigeukia, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiongea nayo tangu asubuhi akasema, "Ndiyo, shemeji, nilikuwa nasema, pistoni hizi za zamani usizitupe. Kuna mtu zitamfaa."

"Sawa," nikasema.

Hilo ndilo lililotoka mdomoni mwangu. Dada alirudi kuchuchumaa, akapangusa shavu kwa bega la gauni, akachukua brashi.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Nyumbani kwetu kusini, baba alikuwa na mpira wa baiskeli uliokatwa, ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakukuwa na wiki iliyopita bila kuushusha. Dada alikuwa amenizidi miaka saba. Alijifunza kusimama mahali ambapo mpira ungemfikia yeye kabla haujanifikia mimi, akawa anapigwa mapigo yake na nusu ya yangu. Alipoolewa na kuja Dar es Salaam nililia siku mbili, na nilipomaliza shule nikamfuata. Nilikaa kwake mwaka mzima kabla sijapata kazi na chumba changu Kinondoni. Mwaka ule wote sikuona kitu. Labda hakikuwapo bado. Labda mie ndiye sikutaka kuona; nilikuwa nakula kwake.

Kazi niliyopata ilikuwa ya bwana afya. Nilivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, nikiingia kwenye nyua za watu kukagua vyoo, madimbwi na mitungi isiyofunikwa. Watu waliniogopa. Nilikuwa na kitabu cha kuandikia onyo, na sikuwa mvivu wa kukitumia.

Gari nililinunua kwa mwalimu mmoja wa Kigoa aliyekuwa anahamia ng'ambo. Lilikuwa lile gari dogo la Kijerumani, mgongo wa chura, rangi ya maziwa, injini yake nyuma, isiyo na rejeta wala tone la maji, inayopozwa na upepo wa feni yake yenyewe. Lilikuwa zuri kulitazama na bovu kuliendesha. Mchumba wangu alikuwa kwao Pugu, na kila nilipompeleka nyumbani gari lilikwenda vizuri mpaka tukipita Gongo la Mboto, kisha kwenye mwinuko likaanza kukohoa. Siku moja lilikataa kabisa. Mchumba alishuka, akavua viatu, akapanda kilima kwa miguu huku mimi nikimfuata nyuma kwa gia ya kwanza kama mchungaji. Watoto wa shule walishangilia. Kesho yake nikaenda kwa shemeji.

Shemeji alikuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma, na Temeke nzima walijua hakuna mtu mwenye mkono kama wake. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma na mpini wake sikioni, akafumba macho, akakwambia ni silinda ya ngapi inayokuumiza. Alikuwa mcheshi, mtaa mzima ukimtania naye akiutania. Hakuwa mlevi. Nalisema hili kwa sababu kila ninapolisimulia jambo hili mtu huuliza kama alikuwa anakunywa. Alikuwa anakunywa chai.

Alilisikiliza gari langu, akalizima.

"Injini hii haina ugonjwa, shemeji. Kifua ndicho kidogo. Ni ya elfu moja na mia tatu. Tuipanue."

"Inapanuka?"

"Kuna kombi limepinduka huko barabara ya Kilwa, injini yake ni ya elfu moja na mia sita. Nitapata silinda zake na pistoni zake, zote nne. Zinaingia kwenye kasha lako bila kulikata. Hedi tu, hivi vifuniko vya juu ya silinda, ndivyo vya kwenda kukerezwa matundu yapanuke. Ukimaliza hapo, Pugu utapanda na gia ya tatu."

Miaka ile vipuri vilikuwa havipatikani, kama sabuni na sukari visivyopatikana, na mtu aliyeweza kusema "nitapata" alikuwa mtu mkubwa. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru.

Tulianza Jumapili, kwa kuwa siku hiyo magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani kuanzia saa nane mchana, na mafundi wa mitaani walikuwa na nafasi. Alilegeza bolti nne, akalaza tairi kuukuu chini, akaiambia injini "shuka, mama," akaipiga teke la kisigino, nayo ikaachia gari na kuangukia tairini. Dada na mimi tulicheka. Aliifungua kwa nyundo, patasi na matusi ya mzaha, na kwa saa tatu ilikuwa vipande juu ya jamvi. Jumapili iliyofuata ndiyo ile ya vifuniko.

Siku ile nilipoaga, dada alinisindikiza mpaka mlangoni. Shavu lilikuwa limevimba. Nilitaka kusema kitu, akaniwahi.

"Usiseme kitu, mdogo wangu. Gari lako liishe kwanza."

Nililichukua neno hilo kama mtu anayepewa ruhusa. Nilijiambia amesema mwenyewe. Nilijiambia pia kwamba injini iliyofunguliwa haina fundi mwingine, maana anayejua ameweka nini wapi ni aliyeifungua. Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli likanitosha. Wiki hiyo hiyo nilisimama kwenye ua mmoja Magomeni nikamfokea mzee wa watu, mwenye umri wa baba yangu, kwa sababu ya kopo lenye maji na viluwiluwi vya mbu.

Jumapili ya tatu shemeji alimpiga dada teke la paja kwa kuchelewesha spana. Ya nne alimshika kichogo akamwinamisha juu ya karai hadi pua yake ikagusa mafuta ya taa, ili aone mchanga uliobaki kwenye mfereji wa oili. "Unaona? Unaona sasa?" Dada akasema anaona. Nilikuwa napima mwanya wa ringi za pistoni kwa kipande cha bati alichonikatia. Niliendelea kupima. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwa nini binti yao wa pekee alipelekwa kwa bibi yake kusini tangu hajaanza shule.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nilijiambia hasira zake ni kama kifafa, zinampata tu, hazina mwenyewe. Nilikaa na maelezo hayo mpaka siku tuliyokwenda Keko.

Tulikwenda Jumamosi mchana, yeye akiendesha baiskeli, mimi nimekaa nyuma na hedi mbili zimefungwa kwenye gunia mapajani. Mwenye mashine ya kukereza alikuwa jitu la watu, mabega kama mlango, karakana yake imebanwa katikati ya maseremala, vumbi la mbao likiruka juu ya vyuma vyake. Hedi ya kwanza aliitoa safi. Ya pili alikuwa anaongea na mtu huku anakata, akaingia ndani kupita kipimo. Shemeji aliiona kabla mashine haijasimama. Nilimwona akiiona. Mshipa wa shingo ulimsimama, nikasogea nyuma, nikijua kinachokuja.

"Haidhuru, fundi," shemeji alisema, akitabasamu. "Bahati mbaya tu. Nitaweka gasketi nene. Asante sana kwa kazi."

Akampa mkono. Akauliza habari za watoto wake.

Tulifika nyumbani kwake, akaegesha baiskeli ukutani taratibu, akaingia ndani, akaonja mchuzi akiwa amesimama, akasema hauna chumvi. Mkanda wa feni wa injini yangu ulikuwa umetundikwa kwenye kamba ya nguo. Aliutoa hapo. Alimpiga nao uani, mgongoni na kwenye mikono aliyojikingia, mkanda ule mnene wa mpira ukilia hewani kabla ya kutua, na kila ulipotua dada alitoa pumzi kwa nguvu kama mtu anayepandisha mzigo kichwani. Majirani wa upande wa pili wa ukuta walizima redio ili wasikie vizuri. Nilihesabu mapigo kumi na moja. Kisha akautundika mkanda mahali pake, akanawa mikono, akala mchuzi ule ule.

Mie sikula. Niliondoka bila kuaga, na nilitembea mpaka Kinondoni kwa miguu. Nilikuwa nimeona kwamba hasira zake zina mwenyewe. Mbele ya yule mtu wa Keko alifunga breki na zikashika. Hakuna kifafa kinachojua nani ni mkubwa na nani ni mdogo.

Sasa mtu atauliza, baada ya kuyaona hayo, ulirudi Jumapili? Nilirudi. Kasha lilikuwa limefungwa, krenki iko ndani, imebaki kazi ya kukaza flaiwili, kisha silinda na hedi zipandishwe. Nilijiambia zimebaki wiki mbili.

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Linashikwa na nati moja tu katikati, pana kama mdomo wa kikombe, na nati hiyo lazima ikazwe kupita nguvu za mtu wa kawaida, la sivyo siku moja gurudumu linang'oka njiani. Shemeji alikuwa na spana yake na bomba la maji la futi tano alilolivalisha kwenye mpini ili aning'inie kwa uzito wake wote. Kazi yangu ilikuwa kulizuia gurudumu lisizunguke, kwa kipande cha chuma nilichokikandamiza kwenye meno yake. Dada alikuwa jikoni pembeni, anapuliza mkaa.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Hakuwa ameambiwa uongo. Nilikuwa nimeshika. Lakini viganja vilikuwa na oili, na alipojitupa juu ya bomba chuma changu kiliruka, gurudumu likazunguka, naye akaenda mdomo mbele juu ya kasha la injini. Nilisikia jino lake likigonga chuma. Aliinuka, damu ikimtiririka kidevuni, bomba mkononi, akanitazama. Nilikuwa mimi. Alijua ni mimi, na mimi nilijua, na tulitazamana kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili.

"Pole," dada alisema kutoka jikoni.

Shemeji aligeuka.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, nimesema pole."

Alimwendea dada na bomba. Siku zote alikuwa ametumia mkono, mguu, mkanda. Bomba hakuwahi. Pigo la kwanza lilimpata dada kwenye nyonga, akaanguka na kulibomoa jiko, mkaa ukamwagika mchangani. Shemeji alipolinyanyua bomba tena, dada hakuinua mikono kujikinga. Alikuwa akinitazama mimi, na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyekwisha kufika mwisho wa hesabu fulani. Ndipo nilipojikuta nimelishika bomba kwa nyuma.

Tulivutana. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini damu ilikuwa imemwingia puani, na mguu wake ulikanyaga bakuli la nati, akateleza. Bomba likabaki kwangu. Aliangukia goti, akatanguliza mkono wa kulia juu ya flaiwili ili ajiinue.

Nitasema kweli hapa, maana kwingine kote nimesema nusu. Alikuwa chini. Bomba lilikuwa langu. Dada alikuwa amekwisha kutambaa mpaka mlangoni. Mambo yalikuwa yamekwisha. Niliupiga ule mkono pale ulipokuwa umetandazwa juu ya chuma, nikasikia mifupa ikiitika. Nikaupiga tena. Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima, nami nikaupiga mara ya tatu. Pigo la kwanza naweza kusema lilikuwa la dada. La pili na la tatu yalikuwa yangu, na niliyasikia raha, raha iliyopanda kutoka mikononi mpaka masikioni, na nilikuwa nimelinyanyua bomba kwa la nne pale karai la mafuta ya taa liliponimwagikia usoni.

Dada ndiye aliyelimwaga. Macho yakaniwaka, nikaachia bomba. Alinizaba vibao viwili, kushoto na kulia, kisha akanisukuma ukutani.

"Umemfanya nini? Umemfanya nini mume wangu?"

"Alikuwa anakuua, dada."

"Jumapili zote hizi alikuwa ananifanya nini?"

Alichana khanga yake, akamfunga mkono. Kiganja kilikuwa kimekuwa kipana, kimelegea, vidole vinatazama kila upande. Majirani waliingia, na balozi wao wa nyumba kumi nyuma yao, mzee mchonga vitanda, kaptula imejaa vumbi la mbao. Walimlaza shemeji kwenye mkokoteni wakamsukuma mpaka barabara kuu wakitafuta gari. Langu lilikuwa hapo nje, limewekwa juu ya mawe, halina injini.

Kituoni, walipokwenda kuchukua fomu ya matibabu, askari alimuuliza kimetokea nini. "Injini iliniangukia," shemeji alisema. Hakubadilisha maneno hayo maisha yake yote. Kuangukiwa na injini kulikuwa afadhali kuliko kupigwa na mdogo wa mkewe.

Balozi hakuridhika. Baada ya siku nne alituita kikaoni barazani kwake, sisi watatu na majirani wanne. Shemeji alikaa kwenye kiti, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, uso wa rangi ya majivu. Balozi alisema yeye hapendi kuandika barua kwenda tawi la chama, na mambo ya ndoa humalizwa na wenye ndoa, ila mgeni kutoka Kinondoni hawezi kuja kwenye nyumba zake kumi kuvunja watu mikono. Akaniambia niombe radhi. Niliomba. Shemeji aliangalia pembeni. Balozi akamgeukia dada, akamwambia naye aseme neno la kuwapatanisha.

"Mwaka juzi nilikaa hapa hapa," dada alisema. "Nilikuwa na jino mkononi, nimelifunga kwenye karatasi. Mzee, uliniambia nikavumilie."

Balozi alikohoa.

"Na huyu ndugu yangu anawaandikia watu barua kwa sababu ya mbu. Alikaa akiniangalia mpaka akapenda kupiga na yeye. Kwa hiyo sina neno la kupatanisha. Nina jambo moja. Injini ya watu iko uani kwangu, imejaa mchanga. Naimaliza mimi."

Mtu mmoja alicheka. Shemeji naye alitoa sauti ya dharau. Lakini dada alikuwa ameosha kila kipande cha injini ile kwa mikono yake, amekipanga na kukipangua, na alikuwa ameadhibiwa kwa kila kosa. Hakuna mtu Temeke aliyeijua kuliko yeye.

Jumapili iliyofuata nilirudi, nikiwa na hofu kuliko siku zote. Shemeji alikuwa ametolewa kiti uani. Dada aliniamuru nishike chuma kwenye meno ya flaiwili.

"Futa mikono kwanza," alisema.

Alilichukua bomba lile lile, akalivalisha kwenye spana, akajitundika. Nati iligeuka robo, ikalia, ikakaa. Shemeji akasema si hivyo, mjinga wewe, na akarusha mguu kumpiga teke kutoka kitini. Dada alihama hatua moja. Alisimama na spana mkononi, akamtazama mume wake usoni, kisha akautazama ule mkono wa plasta, kisha akautazama ule mzima. Alichukua muda wake. Shemeji aliurudisha mguu chini.

"Geuza robo nyingine," akasema baadaye, kwa sauti ya chini.

Akageuza.

Ndivyo ilivyomalizika. Yeye alisema, dada akatenda, mimi nikashika nilichoambiwa. Dada alizibana ringi kwa ukanda wa bati alioukata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akazisukuma pistoni ndani ya silinda moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo kama alipokuwa mtoto akisuka ukili. Gasketi ya ile hedi iliyokatwa vibaya aliibadilisha mara mbili mpaka ikakubali. Tulipoiwasha ilivuma kwa sauti nzito, nene, na moshi ukajaa ua mzima. Shemeji alimwambia dada achukue bisibisi asikilize. Dada akaweka mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

"Valvu ya tatu inagonga."

Shemeji aliinamisha sikio kuelekea injini. "Ni kweli," akasema.

Mwinuko wa Pugu niliupanda kwa gia ya tatu, na mchumba wangu, ambaye punde alikuwa mke wangu, alikaa na viatu vyake miguuni.

Shemeji aliikata plasta mwenyewe kwa msumeno wa chuma kabla ya wakati, kwa kukosa subira, na vidole havikufunga tena. Karakana ilimweka kwenye kazi ya kulinda geti. Watu waliendelea kuleta magari nyumbani, wakimwita yeye, lakini aliyeinama ndani ya gari alikuwa dada. Baada ya mwaka mmoja au miwili waliacha kumwita yeye. Dada na shemeji walimrudisha binti yao kutoka kusini. Sikusikia tena kwamba shemeji amempiga dada, wala majirani hawakusikia, na majirani wale walikuwa na masikio. Mimi niliwaambia watu, nilimwambia hata mke wangu, kwamba nilimponya shemeji. Siku moja nilithubutu kumwambia dada mwenyewe kwamba mume wake ameacha.

"Hajaacha," dada alisema, kichwa chake kikiwa chini ya gari la mtu. "Hana mkono."

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu mke wangu alinijibu vibaya juu ya shati ambalo halikupigwa pasi. Ni shati tu. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Hakuna kilichotangulia, mkono ulikwenda wenyewe, na wakati unakwenda nilisikia ile raha ikipanda kutoka mkononi mpaka masikioni, nikaitambua. Mke wangu alifunga nguo zake kwenye kitenge akaenda kwao Pugu. Nilitaka kumpeleka kwa gari. Alikataa.

Jumamosi yake dada alikuja Kinondoni, na yeye si mtu wa kuja Kinondoni. Sikumpelekea habari, sijui nani alimpelekea. Nilimwamkia, "Shikamoo, dada," hakuitikia. Alikwenda nyuma ya gari langu, akafunua boneti ya injini aliyoijenga kwa mikono yake, akafungua kikombe kinachogawia moto kwenye plagi, akatoa ndani yake kidude cheusi kidogo kama kipande cha andazi, kinachoitwa rota. Bila hicho gari haliwaki hata ulisukume mpaka baharini, na miaka ile hukuweza kukipata dukani. Alikifunga kwenye pindo la khanga.

"Utatembea kwa miguu mpaka arudi mwenyewe," alisema. "Ukimfuata, sikupi. Ukimtumia wazee, sikupi."

"Dada, kazi yangu—"

"Una miguu."

Nilitembea miezi mitano. Nilikwenda kukagua nyua za watu nikiwa nimelowa jasho, vumbi hadi magotini, na kwa mara ya kwanza nilianza kusikia, nikisimama kwenye nyua hizo na kitabu changu, mambo ambayo hayakuwa ya mbu. Kwenye baadhi ya nyumba nilibisha hodi tena. Sikufanya makubwa. Nilibisha hodi tu, nikasimama mlangoni mpaka kelele ikatulia, nikauliza kama wana maji ya kunywa.

Mke wangu alirudi siku ya Ijumaa, bila kuagizwa, akiwa na shangazi yake ambaye alikaa nasi hadi mwisho wa mwezi na kulala chumba kimoja naye. Jumapili asubuhi dada akaja. Aliongea na mke wangu ndani, mlango umefungwa, muda mrefu. Alipotoka alirudisha rota mahali pake, akaweka sawa mwanya wa valvu kwa kuwa gari lilikuwa limekaa sana, akawasha, akasikiliza.

"Iko sawa," alimwambia mke wangu, akampa yeye ufunguo.